Tabaka la Kati

Injinia Okwir hajui kusoma mkazo wa chuma, ila anajua kusoma rangi. Kijani ni nzuri, nyekundu ni mbaya, na buluu inategemea ameamkaje. Kwa elimu hiyo anaendesha kampuni ya uhandisi hapa Kabalagala, orofa moja juu ya wachoma nguruwe, na kila ripoti inayotoka kwake ina picha ya kijani kwenye jalada na harufu ya moshi ndani. Wateja wanaifungua, wanaona kijani, wanaifunga. Hakuna aliyewahi kuuliza hiyo kijani ni ya nini.

Mimi ni Namalwa, mhandisi, mtu wa Bungoma. Kazi yangu pale ni kukagua mahesabu ya wenzangu na kutia saini kabla hayajaenda kwa mteja. Ni kazi ya kuchukiwa, na mimi naiweza.

Anayenipa mengi ya kukagua ni Ogutu. Naye ametoka Kenya, upande wa Busia, na pale ofisini ndiye nyota. Huvaa tai hata siku ya kupanda mnara. Programu ya kuhesabu mikazo alijifunza kwa kutazama video, na kwa kuwa zile video zote ziliisha vizuri, anaamini kila hesabu duniani huisha vizuri. Okwir humwita "Profesa" mbele ya wageni, na Ogutu huinamisha kichwa kama bibi harusi.

Mwaka huu tulipata kazi ya tangi la maji la kambi moja ya polisi, kwenye njia ya kuteremkia Port Bell. Tangi lenyewe ni sanduku la chuma lenye kuta bapa, limepandishwa juu ya mnara uliopita mapaa ya kambi nzima. Mtu mwenye akili angechora tangi la mviringo, maana maji hayapendi pembe, lakini Okwir alisema sanduku linapendeza. Kuwa na sura mbaya si kosa, mradi umehesabiwa.

Nimepanga chumba karibu na kambi hiyo, na kila asubuhi nanywa chai kwa Akwero. Mume wake ni konstebo, na yeye anauza chai na chapati kwenye meza ya mbao humo humo kambini, juani kabisa. Mnara uliposimamishwa hatua chache kutoka mezani kwake, alifurahi kuliko polisi wote.

"Namalwa, tazama, Mungu imeleta kivuli," aliniambia akigeuza chapati. "Tanki ikijaa maji tu, mimi nahamia pale chini. Meza pale, benchi pale. Wamama watafulia pale kwa bomba, na watoto yao watacheza karibu. Jua haitatupata tena."

"Utahamia lini?"

"Siku ile ile. Nangoja nini, dada?"

Nikacheka naye. Ripoti ya Ogutu nilikuwa sijaiona bado; kwa Okwir chuma hutangulia, mahesabu hufuata.

Ilifika mezani kwangu wiki iliyofuata, na picha ya jalada ilikuwa kijani kuanzia juu hadi chini, kijani tupu, kama kiwanja cha mpira baada ya mvua. Katika picha zile nyekundu maana yake chuma kinavutwa, buluu maana yake kinabanwa, na kijani iliyo katikati yao maana yake hakuna linaloendelea. Kwa hiyo, kwa mujibu wa Ogutu, maji ya kambi nzima yalikuwa yanazisukuma kuta nne na kuta hazina habari. Hata godoro hujua likilaliwa.

Nilijua mara moja alikotazama. Kwenye kompyuta, bamba jembamba la chuma halichorwi na unene wake. Linachorwa kama ganda tu, karatasi, kisha unaiambia programu kwamba karatasi hii ina unene huu. Programu ikimaliza kuhesabu, inakuuliza unataka kuonyeshwa wapi: uso mmoja wa ganda, uso wa pili, au tabaka la kati. Sasa chukua rula ya plastiki uipinde. Upande wa nje unavutwa, upande wa ndani unabanwa, na katikati hakuna kitu. Ukiiuliza katikati ya rula kama inaumia, itakujibu haijambo, na itakujibu hivyo hivyo mpaka ikatike. Ukuta bapa wa tangi unapindwa na maji, kazi yake yote ni kupindwa. Kuliuliza tabaka la kati habari za ukuta kama huo ni kumuuliza mgeni wa sebuleni kama jikoni kuna njaa.

Nikamfuata Ogutu kwenye meza yake.

"Hii picha ni ya tabaka gani?"

"Ya kati, madam."

"Kwa nini ya kati?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemfundisha nyanya yake kutumia simu. "Nilianza na ule uso wa kwanza, ikatoka na mabaka mabaya. Hapa nyekundu, hapo buluu, kama blanketi ya viraka. Bosi akasema hiyo haiwezi kwenda kwa mteja. Nikajaribu ya kati, ikatoka safi."

Ikatoka safi! Niliondoka pale nisije nikamtupia kikombe. Kila kipande cha ganda kina uso na mgongo. Ogutu alichora nusu ya ukuta akainakili kwa kuigeuza, kisha akanakili tena, mpaka vipande vyake vikawa vimepeana migongo: hiki kimetazama maji, jirani yake kimetazama barabara. Ukiomba uso wa kwanza, programu inakupa ndani hapa na nje pale. Mabaka yale yalikuwa yanampigia kelele kwamba kazi yake imegeuka kinyume, na dawa yake ni kuvigeuza vipande vielekee upande mmoja, kazi ya dakika chache. Yeye akaenda kutafuta mahali pasipo na kelele. Na bosi wake, aliyekaa kwenye uhandisi tangu kabla Ogutu hajazaliwa, akamsifu kwa usafi.

Nikavigeuza mwenyewe, nikaomba nyuso zote mbili. Sehemu ya chini ya kuta, upande wa maji, iliwaka nyekundu kutoka pembe hadi pembe, na mkazo pale ulikuwa umepita kile ambacho chuma kile kinaweza kustahimili. Tangi likijaa, kuta zingevimba, kisha zingeachana na sakafu kwenye mshono wa kulehemu. Maji yote yangeshuka pamoja na chuma chake, na chini ndipo Akwero alipopimia benchi.

Nikaingia kwa Okwir na rula mkononi. Ogutu alikuja akasimama mlangoni. Nikaeleza, nikaipinda rula, nikaonyesha picha mpya, nikasema tangi linahitaji mbavu za chuma kwa nje, nyingi, na hadi zitakapowekwa lisijazwe. Okwir aliipokea rula, akaipinda mara mbili tatu, akairudisha.

"Lakini hii rula haijavunjika," akasema.

"Si mpaka uzidishe, Injinia."

"Namalwa, wewe unapenda shida. Tanki iko juu tayari, imepakwa rangi, mteja amepiga nayo picha. Sasa niende niseme nini, tumesahau mbavu?" Akageukia mlangoni. "Profesa, hii nyekundu inaanzia wapi?"

"Pale chuma inaposhindwa, bosi. Mia mbili na hamsini."

"Si uisogeze?"

Na Ogutu akaisogeza. Aliinama juu ya kompyuta yangu na tai yake ikaning'inia kwenye kibodi, akaandika nyekundu ianzie mia sita. Picha ikafifia, nyekundu ikawa njano, njano ikawa kijani. Okwir akapiga makofi.

"Umeona? Tumemaliza."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Okwir ataupaka ufa rangi ya kijani na kuutolea ripoti.

"Mimi sisaini," nikasema.

"Hakuna shida. Profesa atasaini kama mkaguzi."

"Ajikague mwenyewe?"

"Kwani yeye hajui kazi yake?"

Asubuhi yake nikakuta nimehamishiwa kwenye mabango ya matangazo ya barabarani, nikague kama upepo utayaangusha. Nilimdharau Okwir siku ile kwa moyo wangu wote, na kile kilichobaki nikamdharau nacho Ogutu. Huyo hata sikumweleza. Alikuwepo pale mlangoni, aliiona rula, angeweza kuuliza, na mimi ningeweza kumpa aipinde kwa mikono yake. Sikumpa. Niliona nitaharibu rula.

Lakini benchi la Akwero halikuniacha nilale vizuri. Nikaenda kambini kwa Inspekta Lamwaka, mwanamke mkavu, mzaliwa wa kambi na mtoto wa mwanajeshi, ambaye ndiye msimamizi wa majengo yote pale. Alinisikiliza bila kupepesa macho, ripoti ya Okwir ikiwa mbele yake, kijani ikitabasamu.

"Madam injinia," akasema, "wewe nasema tanki mbaya. Yeye nasema tanki nzuri, na saini iko mbili. Wote nyinyi mainjinia. Mimi nitaamini nani? Mimi hapana soma hizi rangi."

Nikatoa rula. Aliipinda polepole, akapapasa nje kwa kidole, akapapasa ndani.

"Niambie kitu moja. Maji ikifika nusu, iko hatari?"

"Nusu haina neno, afande. Itavimba kidogo tu. Hatari inaanza ikipita robo tatu."

"Una hakika? Kwa kichwa yako?"

"Kwa kichwa changu."

"Kale, sawa." Aliiweka rula juu ya ripoti. "Hapa kwa kambi, chakula ikiiva, mpishi naonja kwanza, ofisa natazama. Mpishi akikataa kuonja, ofisa hapana uliza yeye maswali. Sufuria inamwagwa. Wewe kuja siku ya kujaza, na ufunge mdomo."

Kufunga mdomo si fani yangu, lakini nilikwenda.

Siku hiyo chini ya tangi, katikati kabisa ya kivuli, nilikuta viti viwili vizuri vya ofisini, meza ndogo yenye kitambaa, soda baridi na sahani ya chapati za Akwero. Akwero mwenyewe alikuwa ameshafika na benchi lake kichwani, akarudishwa.

"Wewe bado," Lamwaka alimwambia. "Mpishi kwanza."

Akwero akalitua benchi juani, akaketi nami, akinung'unika. Wanawake wa kambi walisimama nyuma yetu na ndoo zao.

Okwir alishuka kwenye gari akiwa na suti, Ogutu nyuma yake na tai mpya. Inspekta akawapigia saluti, akawapa mkono, akawaonyesha viti.

"Wageni wetu, karibuni kivulini. Hiyo nafasi ni ya nyinyi wenye tanki. Mtakaa hapo, mtakunywa soda, mpaka ijae."

Okwir alitabasamu, akatazama kiti, akatazama juu ya kiti, na tabasamu likabaki peke yake usoni. Pampu ikaanza kunguruma. Nilikuwa nimeingoja dakika hii kama watu wanavyongoja harusi, na sitasema uongo, niliifaidi.

"Afande, mimi mgongo inanisumbua," Okwir akasema. "Hii kiti iko chini sana."

"Tutaleta ndefu."

"Hapana, hapana. Ngoja kwanza, kuna simu."

Simu haikuwa imelia. Akaiweka sikioni, akaenda akizungumza nayo kinyumenyume hadi kwenye gari, akaingia, akafunga mlango. Nilicheka kwa sauti. Yule mtu hakuweza kusoma mkazo, lakini rula aliielewa tangu siku ya kwanza. Aliielewa vizuri kabisa, akaitolea saini.

Nikageuka nimcheke na wa pili, na kicheko kikaishia njiani. Ogutu alikuwa ameketi. Amekunja miguu, ameilegeza tai, amefungua soda, anakula chapati, na maji yanapanda juu ya kichwa chake.

"Huyu wa tai haogopi?" Akwero aliuliza.

"Hajui."

"Hajui nini? Si ni yeye alihesabu?"

Mwongo ni rahisi kumcheka. Huyu alikuwa ameikalia saini yake kwa moyo mweupe, mpumbavu mkubwa, kwa sababu picha ilitoka safi na mtu anayemwita Profesa alipiga makofi. Nilijua nusu haitamdhuru, na Lamwaka alikuwa amesimama karibu na mtu wa pampu, mkono tayari kuinuka. Nilijua yote hayo, na bado nikasogea ukingoni mwa benchi. Nilikuwa nimempimia dharau nyingi kuliko kosa lake.

"Namalwa," Akwero akasema, "ukuta inashiba."

Ilikuwa kweli. Jua lilikuwa linapiga ubavu wa tangi, na ule ubavu ulionyooka asubuhi sasa ulikuwa na kitambi. Kidogo, lakini hata aliyeshika ndoo alikiona. Wanawake wakaanza kurudi nyuma. Kisha chuma kikalia mara moja, ko, kama sufuria inayopoa.

Ogutu akainua macho, akayashusha, akageukia kwenye gari.

"Bosi!" akaita. "Njoo ukae! Soda yako inapata moto!"

Kioo cha gari kilishuka kiasi cha upana wa kiganja.

"Kaa tu, Profesa," sauti ya Okwir ikatoka. "Mimi naona vizuri hapa."

Kioo kikapanda, na injini ya gari ikawashwa.

Ogutu alikitazama kile kiti kitupu kilichokuwa ubavuni mwake. Alilitazama gari. Ndipo akanyanyua kichwa na kuutazama ukuta, akautazama kwa muda mrefu, na niliona uso wake ukiporomoka. Hakukimbia. Akaweka chapati kwenye sahani, akasimama, akatembea hadi kwenye pampu, akamsogeza pembeni polisi aliyekuwa akiilinda, akaizima kwa mkono wake mwenyewe. Lamwaka, aliyekuwa ameanza kuinua mkono, akaushusha. Maji hayakuwa yamefika hata nusu.

Inspekta alitembea bila haraka hadi kwenye gari, akagonga kioo, akaipitisha ripoti dirishani.

"Injinia, ripoti yako hii. Nimesoma."

"Afande, si ungeifungua kwanza ndani, kuna maelezo..."

"Nimesoma kiti," Lamwaka akasema. "Leo tunamwaga hii maji. Utaweka mbavu zile madam anasema, zote, halafu utarudi kuonja. Na siku hiyo kiti itakuwa moja tu, ya kwako."

Gari likaondoka. Okwir hakumsubiri Profesa wake, wala hakumwita. Akwero akatema mate pembeni, akainua benchi lake na kulirudisha mezani kwake, pale pale lilipokuwa siku zote. Wanawake wakachukua ndoo zao kwenda kuchota kule kwa zamani, mbali, wakilalamika, na nilifurahi kuyasikia yale malalamiko.

Ogutu akaja mezani kwetu akiburuta kile kiti cha ofisini, akakiweka karibu yangu, akaketi. Jasho lilikuwa limelowesha kola yake.

"Madam," akasema, "siku ile ulimpindia bosi rula. Mimi nilikuwa mlangoni."

"Najua."

"Mimi hukunipa."

Nilikuwa nimemtunzia matusi mazuri sana, mengine nimeyatunga kwa Kibukusu yasije yakapungua ladha. Nikayatafuta yote, na hakuna hata moja lililokubali kutoka. Nikafungua mkoba.

"Pangusa mikono kwanza," nikamwambia. "Ina mafuta ya chapati."

Akaipangusa kwa ile tai yake mpya, nami nikampa rula.